Maswali ya Wasomaji: Modemu za Laini ya Simu Kwenye Mashine za Unix

Safari hii tumekusanya barua zinazohusu modemu za laini ya simu kwenye vituo vya kazi vya Unix. Modemu hizi bado zina kazi ya maana: kuifikia seva ambayo mtandao wake umekatika, kuzungumza na mitambo ya mbali isiyo na njia nyingine, au kufufua kompyuta ya Sun iliyokaa kabatini miaka mingi. Majibu yanataja Solaris (Unix ya kampuni ya Sun) na Linux. Kwenye Unix nyingine majina ya faili yatabadilika, lakini waya na ishara zake ni zilezile.

Swali: Ndugu Mhariri, nina Sun yenye Solaris 8 na modemu ya nje ya 56k iliyochomekwa poti B. Nikiandika `tip -9600 /dev/term/b` ili nizungumze na modemu, terminali inaganda bila neno lolote. Nikitumia `/dev/cua/b` napata "connected", lakini nikiandika AT, amri ya kuijaribu modemu, sijibiwi. Je, modemu imekufa?

Jibu: Usiitupe. Hayo ni matatizo mawili tofauti, na la kwanza si tatizo hasa.

Solaris huipa poti moja majina mawili. `/dev/term/b` ni mlango wa simu zinazoingia. Programu ikiufungua, keneli, yaani kiini cha mfumo, huisubirisha hadi modemu itangaze kwamba imeipata karia, yaani imeisikia modemu ya upande wa pili. Kwako hakuna aliyepiga, karia haipo, kwa hiyo `tip` inangoja, na itangoja hadi kesho. `/dev/cua/b` ni mlango wa kupigia simu, nao haungoji karia, maana kabla hujapiga karia itatoka wapi? Basi kila unapotaka kupiga au kuipa modemu amri, tumia cua. Linux nayo ilikuwa na jozi kama hiyo zamani; siku hizi imebaki `/dev/ttyS0` na wenzake, na programu yenyewe ndiyo huomba kufungua poti bila kungoja.

Wapo watakaokushauri uandike `eeprom ttyb-ignore-cd=true` ili mashine ipuuze karia na mgando uishe. Mgando utaisha kweli. Lakini ukija kupokea simu kwenye poti hiyo, mashine haitajua mpigaji amekatika: akaunti yake itabaki wazi, na mtu wa pili atakayepiga ataingia moja kwa moja ndani ya kikao cha mwenzake. Tafadhali weka `false`, kisha uwashe mashine upya ili mpangilio ushike.

Sasa ule ukimya wa AT. Anza na taa za modemu, maana zinaeleza mengi kuliko skrini. Fungua `tip` kwa `/dev/cua/b` utazame taa ya TR. Isipowaka, ishara ya DTR (ya kuiambia modemu kwamba kompyuta iko tayari) haifiki, na hapo mshukiwa ni pini 20 ya kebo. Ikiwaka, andika AT ukitazama SD, taa ya herufi zinazotumwa. Isipopepesa, herufi zako hazifiki kwenye modemu, na mara nyingi chanzo ni kebo ya kupishana, ile iliyokuwa ikiunganisha Sun na terminali, ambayo inageuza pini 2 na 3. Modemu haitaki hiyo. Inataka kebo ya moja kwa moja yenye pini 2, 3, 4, 5, 6, 7, 8 na 20 zote zimeunganishwa, na 22 ukitaka ishara ya mlio. Kebo za waya tatu zinazouzwa kwa ajili ya terminali hazifai hata kidogo, kwa sababu hazina DTR, hazina karia, wala RTS na CTS.

SD ikipepesa lakini RD, taa ya herufi zinazopokelewa, ikabaki imezima, modemu inasikia ila imenyamazishwa. Andika `ATE1Q0V1` ubonyeze Enter hata kama huoni unachoandika. E1 inarudisha herufi kwenye skrini, Q0 inaruhusu majibu, V1 inayafanya majibu yawe maneno badala ya namba. Ikigoma bado, igeuze uangalie swichi zake ndogo kama inazo. Kwenye baadhi ya modemu mojawapo huzima kabisa amri za AT, na maelezo yake huwa yamechapwa chini ya kasha.

Kutoka kwenye `tip` andika `~.` mwanzoni mwa mstari. Ukiwa umeingia kwenye Sun hiyo kwa ssh au rlogin kutoka mashine nyingine, andika `~~.` la sivyo utaikata ssh yenyewe. Na ukiambiwa "all ports busy", kuna faili ya kufuli ndani ya `/var/spool/locks`. Hakikisha kwanza programu iliyoiweka haipo hai, ndipo uifute. Usikimbilie `chmod 666` kwenye faili ya kifaa: `tip` ina ruhusa ya akaunti ya uucp, mmiliki wa poti, tayari, na ukiilegeza poti unampa kila mwenye akaunti uwezo wa kupiga simu kwa gharama yako.

Swali: Kila mahali naona mstari tofauti wa kuandaa modemu. Upi ndio sahihi?

Jibu: Hakuna mmoja unaozifaa modemu zote, lakini yapo mambo mawili ambayo Unix haiwezi kuishi bila hayo: modemu iseme kweli kuhusu karia (`&C1`), na ikate simu mashine inaposhusha DTR (`&D2`). Kwa maoni yetu, sehemu kubwa ya malalamiko kwamba Unix na modemu hazipatani hutokana na kukosekana kwa mojawapo. Modemu yenye `&C0` hudai karia ipo muda wote, hata ikiwa imelala. Yenye `&D0` haijali DTR, kwa hiyo mashine ikimaliza kazi simu inabaki hewani na gharama zinaendelea.

Jambo la tatu ni udhibiti wa mtiririko, yaani kila upande kumsimamisha mwenzake unapojaa, kwa waya za RTS na CTS, na hapa ndipo watengenezaji walipoachana njia. Modemu zenye chipu za Rockwell, na zinazofuata Hayes, hutumia `&K3`. Zile za U.S. Robotics hutumia `&H1&R2`. Nyingine hutumia `\Q3`. Ukinakili mstari wa modemu nyingine utapata ERROR, au mbaya zaidi, utapata OK na udhibiti usiwepo.

Kwa modemu ya Rockwell anza hivi:

`AT&F&C1&D2&K3S0=0`
`AT&W`

`&F` inairudisha kwenye mpangilio wa kiwandani, `S0=0` inaizuia isipokee simu yenyewe, `&W` inahifadhi. Kisha andika `AT&V` usome kilichohifadhiwa.

Kwenye Linux unaweza kuthibitisha bila kupiga simu. Ukiwa root, andika `cat /proc/tty/driver/serial`. Mstari wa poti yako utaonyesha aina ya chipu ya poti, herufi zilizotoka na kuingia, na mwishoni ishara zilizo juu, mfano `RTS|CTS|DTR|DSR`. Neno `CD` likionekana wakati modemu haiko kwenye simu, `&C1` haijashika. Ukiona `oe:` na namba inayoongezeka kadiri unavyopakua faili, poti inafurikwa na kupoteza herufi. Chipu ya 16450 huhifadhi herufi moja tu ikisubiri kuhudumiwa, 16550A huhifadhi 16, kwa hiyo kwa kasi ya 115200 usikubali pungufu ya 16550A. Sun za zamani zenye chipu ya Zilog zifunge kwenye 38400, usilazimishe zaidi.

Swali: Modemu yangu ni ya 56k na skrini inasema CONNECT 115200, lakini faili za zip zinapakuliwa kwa kilobaiti 4 hivi kwa sekunde. Nimeibiwa?

Jibu: Hujaibiwa. Hiyo 115200 ni kasi ya kebo kati ya kompyuta na modemu, si ya laini ya simu. Iombe modemu itaje kasi ya laini: `ATW2` kwenye nyingi za Rockwell kabla ya kupiga, au `ATI6` kwenye U.S. Robotics baada ya simu kuisha.

Yaelekea utaona 33600 au chini yake. Kiwango cha V.90 cha mwaka 1998 hufikia 56k upande wa kupakua tu, tena ikiwa upande wa pili umeunganishwa na mtambo wa simu kidijitali, kama walivyofanya watoa huduma wa intaneti. Modemu mbili za kawaida zikipigiana huishia V.34, yaani biti 33,600 kwa sekunde. Gawanya kwa 8 upate baiti 4,200, toa sehemu inayoliwa na itifaki, na hiyo ndiyo kilobaiti 4 yako. Ubanaji wa V.42bis unaweza kufikisha maandishi ya kawaida mara kadhaa ya hapo, lakini faili ya zip imeshabanwa, haibaniki tena. Kasi ya kebo iache juu hivyohivyo: ikilingana na ya laini, ubanaji hautakuwa na nafasi ya kukusaidia.

Swali: Natumia pppd, programu ya PPP (itifaki ya kupitisha mtandao kwenye laini ya simu), kwenye Linux. Logi inaonyesha CONNECT, kisha baada ya karibu nusu dakika inaandika "LCP: timeout sending Config-Requests" na kukata. Nimebadilisha modemu mbili, hali ni ileile.

Jibu: Modemu imemaliza kazi yake pale ilipoandika CONNECT, kwa hiyo hata ya tatu haitakusaidia. Nusu dakika hiyo ina hesabu yake: pppd hutuma ombi la kuanza mazungumzo mara 10, kila baada ya sekunde 3, isipojibiwa inakata tamaa. Swali ni kwa nini upande wa pili haujibu.

Endesha pppd mbele ya macho yako: `pppd call ofisi debug nodetach`. Ukiona mistari ya `sent [LCP ConfReq ...]` tu bila `rcvd` hata moja, huenda kule hakuna PPP iliyoanza. Ukiambiwa "Serial line is looped back", maana yake unachotuma kinakurudia kama kilivyo, na kinachokirudisha ni ama kidokezo cha logini cha kule kinachongoja jina, ama modemu yako iliyorudi kwenye hali ya amri.

Namna ya kujua ni kupiga kwa mkono. Fungua minicom, programu ya Linux inayofanana na `tip`, andika `ATDT` na namba, na baada ya CONNECT tulia sekunde chache. Zikitokea herufi za ajabu zenye `~` na `}` nyingi, kama `~ÿ}#À!}!}!}`, PPP ya kule imeshaanza na huhitaji kuandika jina popote kwenye skripti ya chat, programu inayopiga simu kwa niaba ya pppd. Likitokea neno `login:`, basi chat lazima ijibu. Skripti kamili ni hii:

`ABORT BUSY`
`ABORT 'NO CARRIER'`
`ABORT 'NO DIALTONE'`
`ABORT 'NO DIAL TONE'`
`TIMEOUT 10`
`'' \d\dAT&F&C1&D2&K3`
`OK ATDTnamba`
`TIMEOUT 70`
`CONNECT ''`
`ogin: jinalako`
`assword: \qnenosiri`

Mistari miwili ya mwisho ifute kama kule PPP huanza yenyewe. Herufi ya kwanza ya `login` na `Password` imeachwa makusudi, kwani huweza kuwa kubwa au ndogo, au kupotea kwenye laini. `\q` huzuia nenosiri lisiandikwe kwenye logi. `\d` ni kutulia sekunde moja, na zile mbili za mwanzo ni muhimu: modemu ambayo DTR yake imetoka kushushwa huhitaji muda kabla ya kusikiliza amri, nawe ukiiwahi utakosa OK na kudhani imeharibika. Tumeweka "no dial tone" kwa namna mbili kwa sababu modemu huiandika tofauti.

Faili ya `/etc/ppp/peers/ofisi` iwe hivi:

`/dev/ttyS0 115200`
`lock`
`modem`
`crtscts`
`noipdefault`
`defaultroute`
`usepeerdns`
`noauth`
`user jinalako`
`connect '/usr/sbin/chat -v -f /etc/ppp/chat-ofisi'`

`noauth` huwatisha watu bure. Maana yake ni kwamba wewe hudai upande wa pili ujithibitishe kwako; wewe bado utajithibitisha kwao ukiombwa. Ukiombwa kwa PAP (njia ya kutuma jina na nenosiri), `/etc/ppp/pap-secrets` iwe na mstari `jinalako * nenosiri`, na ruhusa 600. Nenosiri lenye nafasi au alama ya # lizungushie alama za kunukuu, vinginevyo kinachofuata # kitachukuliwa kuwa maelezo tu.

Pppd ikitoka angalia namba ya kutokea (`echo $?`): 8 ni skripti ya chat iliyoshindwa, 10 ni mazungumzo ya PPP kutofanikiwa, 16 ni modemu kukata, 19 ni jina au nenosiri kukataliwa. Ikiunganishwa vizuri lakini hakuna ukurasa unaofunguka, tafuta kwenye logi maneno "not replacing existing default route". Kadi ya mtandao tayari imeshika njia kuu, na pppd haiinyang'anyi. Ifute njia hiyo kwanza, kisha piga tena.

Swali: Nataka kupiga simu kutoka mbali na kuingia kwenye Sun yangu yenye Solaris na modemu kwenye poti B. Nikipiga napata takataka badala ya logini, na mara nyingine mashine inalemewa kabisa bila mtu kupiga.

Jibu: Takataka inatokana na kasi. Modemu inapopokea, kebo inabaki kwenye kasi iliyotumika katika amri ya mwisho ya AT, au inafuata kasi ya laini. Ttymon, programu ya Solaris inayoleta logini kwenye poti, ikiwa 9600 na modemu 38400, hamtaelewana. Ingia kwa `tip -38400 /dev/cua/b`, andika mpangilio wako ukiwa kwenye kasi hiyohiyo, kisha `&W`. U.S. Robotics inahitaji pia `&B1` ili kasi ya kebo isibadilike.

Kulemewa ni ugomvi wa mwangwi. Poti inatuma "login:" kwa modemu iliyolala, modemu yenye E1 inarudisha herufi hizo, poti inadhani mtu ameandika jina, inaomba nenosiri, nalo neno hilo linarudishwa, na mzunguko hauishi. Kwa upande wa Linux zenye init ya zamani, init hatimaye huchoka na kuandika "respawning too fast: disabled for 5 minutes". Kwa modemu ya kupokea weka `E0Q1` pamoja na `&C1`, na `S0=1` ili ipokee mlio wa kwanza. Q1 andika mwishoni, kwani baada yake hutaona OK tena. Na ukitaka kupiga kwa modemu hiyohiyo, amri yako ya kwanza iwe `ATQ0V1`.

Kwenye Solaris, tengeneza kwanza jina la kasi lisiloruka kwenda kasi nyingine:

`sttydefs -a m38400 -i "38400 hupcl crtscts" -f "38400 hupcl crtscts"`

Ondoa huduma iliyopo, kisha weka mpya, yote kwenye mstari mmoja:

`pmadm -r -p zsmon -s ttyb`
``pmadm -a -p zsmon -s ttyb -i root -fu -v `ttyadm -V` -m "`ttyadm -b -h -S n -l m38400 -m ldterm,ttcompat -T dialup -d /dev/term/b -s /usr/bin/login`"``

`-b` inaruhusu poti kutumika pande zote mbili, kupokea na kupiga. `-S n` ndiyo inayosema "iamini karia ya kweli", na `hupcl` inashusha DTR kikao kinapoisha.

Jaribio la lazima: piga kutoka nje, ingia, kisha chomoa waya wa simu bila kuaga. Kwenye Sun andika `who`. Baada ya muda mfupi jina lako liwe limetoweka. Lisipotoweka usiiache modemu hiyo kwenye laini hata usiku mmoja; rudi kwenye `&C1`, pini 8 (ya karia) na `ignore-cd`. Ongeza pia nenosiri la pili kwa wanaopiga: orodhesha poti katika `/etc/dialups`, na nenosiri lililofichwa kwa kila ganda (shell) katika `/etc/d_passwd`.

Kwa anayetumia Linux, mgetty ni bora kuliko getty ya kawaida, programu inayoleta logini, kwa sababu yenyewe ndiyo inayopokea simu, haitumi neno mpaka mtu apige. Kwenye mifumo ambayo bado inatumia inittab, mstari wake ni `S0:2345:respawn:/sbin/mgetty -D -s 38400 ttyS0`, na hapo modemu iwe `S0=0` na Q0.

Swali: Ofisini napata NO DIALTONE ingawa simu ya mezani inafanya kazi kwenye tundu hilohilo.

Jibu: Mlio wa mtambo wa ndani wa simu hutofautiana na ule modemu inaoutarajia. Weka `X3` ipige bila kuungoja, na baada ya namba ya kutokea nje weka mkato: `ATX3DT9,namba`. Kila mkato ni sekunde 2. Kama mtambo huo unapitisha sauti kwenye mtandao wa data, omba njia yako itumie G.711, namna ya kubeba sauti isiyoibana kwa nguvu, kwa kuwa ubanaji mwingine wa sauti huiua modemu kabisa. Hata hapo ishushe kasi, 9600 itadumu pale ambapo 33600 inakatika kila mara.

Swali: Modemu ya ndani ya PCI haionekani kwenye ttyS yoyote.

Jibu: Nyingi za aina hiyo hazina ubongo wake, kazi yote hufanywa na draiva, na draiva hiyo iliandikwa kwa Windows. Tumia modemu ya nje ya poti ya siriali, au ya USB inayofuata kiwango cha CDC ACM, ambayo Linux itaiita `/dev/ttyACM0` bila draiva ya ziada. Ikitokea ikakataliwa kufunguliwa, jiongeze kwenye kundi la dialout, au uucp kwenye mifumo mingine, kisha utoke na kuingia upya.